Mama wa Shuka la Kijivu

Omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa wakitwangwa pamoja na yai la kuchemsha hutoa harufu ambayo sijui nikueleze vipi kama hujawahi kukutana nayo. Ni harufu ya ziwa na ya jiko kwa pamoja, na hushika kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Mwezi uliopita niliikuta Kisian, kando ya barabara ya Busia. Mama mmoja alikuwa akitwangia vifaranga wake wa kuku chakula huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Mimi nilikuwa nimesimama kununua maji tu. Nikasahau maji. Yule mama akakatiza mazungumzo yake, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Simlaumu. Hata mimi ningemshuku mtu anayesimama kunusa kinu cha wenyewe.

Kushuku ni ugonjwa wangu, nami nakiri mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Chuo kikuu kiliupa ugonjwa huo jina la heshima, na wahadhiri wakanipa alama nzuri kwa sababu yake, lakini si wao walioniambukiza. Ulinishika nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu karibu na Pap Onditi, na ulianza kwa sababu ya mayai.

Mwaka ule mama yangu alipata kazi Eldoret. Baba alikuwa ameshafariki, na chumba alichopata mama huko kilitosha kitanda kimoja, kwa hiyo alinitoa shule yangu ya Kisumu akanipeleka kwa dada ya baba, Shangazi Rosbela. Aliniambia ni kwa muda mfupi. Shangazi alikuwa mjane mrefu, fundi cherehani wa sare za shule, mwenye sauti kubwa kanisani na maneno machache nyumbani. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ua wa seng'enge uliozungushiwa mikeka ya mafunjo kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba.

Kila asubuhi Shangazi alichemsha mayai manne. Mimi nilipewa uji na kiazi kitamu. Mayai yalitwangwa na omena, yakatiwa kwenye sahani ya bati, yakapotelea nyuma ya mikeka. Jioni ilikuwa vilevile. Niliuliza mara moja nani anakula mayai, nikajibiwa kwamba mtoto anayekula akashiba hana haja ya kuhesabu sahani za wengine. Jibu kama hilo, kwa mtoto wa aina yangu, ni sawa na kuumwagia moto mafuta ya taa.

Halafu kulikuwa na shuka. Lilianikwa kila Jumamosi kwenye kamba, la kijivu, limeshonwa kama kanzu lakini lina kofia inayofunika kichwa chote, na mahali pa uso pana kipande cha chandarua. Watoto wa shule waliliona kutoka njiani. "Nyar Kisumu," waliniita, yaani binti wa Kisumu, "auntie yako amefuga nini? Jajuok amekupikia nini leo?" Jajuok ni mchawi, na hilo ni neno ambalo hata kwa mzaha watu hawalitamki karibu na mlango wa mtu.

Jirani yetu ndiye aliyenielimisha zaidi. Tulimwita Nyar Gem kwa kuwa aliolewa kutoka Gem, na yeye na Shangazi walikuwa wakiazimana chumvi na makaa ya moto tangu kabla sijazaliwa. Shangazi akiwa hayupo, alikuwa akiegemea ua wetu wa michongoma na kuniita kwa kidole.

"Mimi sisemi kitu," alianza. "Lakini mtu akifungia kitu na kufuli, na hiyo kitu inakula mayai kushinda mtoto ya mtu, na yeye anaingia huko amefunika uso kama maiti, wewe unaita hiyo nini? Mimi sisemi kitu."

Kila mara alichukua kama nusu saa kutosema kitu.

Alhamisi moja mwalimu wetu aliugua, tukaachiliwa mapema. Nilizunguka nyuma ya nyumba kimyakimya, nikatafuta mahali ambapo mkeka ulikuwa umelegea, nikaweka jicho. Kilichokuwa ndani hakikuwa na uso. Kilikuwa kirefu, cha kijivu tangu utosini hadi kwenye nyasi. Mkono wake wa kulia haukuwa mkono. Ulikuwa shingo ndefu yenye kichwa cha ndege, mashavu meupe, kitambaa chekundu kooni, na juu ya kichwa nyuzi za katani zilizosimama kama miali ya jua. Kichwa kile kilishuka chini polepole, kikadonoa, kikainuka. Vifaranga watatu wa rangi ya udongo, wenye miguu mirefu isiyowafaa bado, wakadonoa palepale kilipodonoa.

Sitakuficha. Nilijikojolea.

Kile kitu kikageuka. Kikatoka, kikafunga kufuli, kikanishika sikio kwa mkono wa kushoto, nao ulikuwa mkono wa mtu wenye kidonda cha sindano kwenye kidole gumba. Kilinivuta hadi jikoni bila kutamka neno. Huko ndiko kofia ilipovuliwa na uso wa Shangazi ukatokea, umelowa jasho.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi kaa chini uambiwe, kabla hujaambiwa na Nyar Gem."

Hao walikuwa makorongo, aliniambia, wale wenye taji. Maofisa wa wanyamapori waliwakuta stendi ya Katito ndani ya kikapu cha mtu aliyekuwa akiwapeleka kwa tajiri fulani anayependa ndege wa kupamba uwanja wake. Makorongo walikuwa wakipungua kila mwaka: mafunjo yalichomwa ili watu wapate mashamba, na mayai yaliokotwa. Mradi mmoja mdogo wa ndege ulimtafuta Shangazi awalee hawa mpaka waweze kuruka na kurudi kinamasini. Hawakumtafuta kwa kuwa alijua ndege. Walimtafuta kwa kuwa alijua kushona.

"Kifaranga wa korongo, yule anayemlisha ndiye mama yake," alisema. "Akizoea uso wa mtu, basi huyo ni mtoto wa watu. Atamfuata mtu yeyote, hata yule wa kikapu. Kwa hivyo uso hapana. Sauti hapana. Hata kukohoa ninameza."

"Sasa wewe hawakujui?"

"Hawanijui."

"Hata kidogo?"

"Wanamjua huyu." Akainua ile shingo ya ndege, kumbe ni soksi iliyojazwa sufi, yenye macho mawili ya vifungo vya shati la shule.

Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa, lakini sikuamini hata neno moja. Nilikuwa na sababu zangu. Mtu mzima mwingine alikuwa ameniambia muda mfupi, na kila Jumapili simu yake kutoka Eldoret ilizidi kuwa fupi. Nilishajua kwamba watu wazima wakitaka kukufanyia jambo baya hutanguliza maelezo marefu. Nyar Gem naye alikuwa na yake. "Ati watarudishwa kinamasini," alicheka. "Mayai yote hiyo, halafu uachilie? Ngoja wanone. Utaona gari inakuja." Kati ya shangazi anayefunika uso na jirani anayeonyesha meno yake yote, nilichagua kutomwamini yeyote. Niliamua kuwahoji vifaranga wenyewe.

Alhamisi iliyofuata Shangazi alikwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Nililegeza mkeka zaidi, nikapata tundu la kupitisha mkono, nikapiga magoti. "Anawapiga?" niliuliza. Wawili walikimbilia kona ya mbali. Wa tatu, mwenye kidole kilichopinda, alisimama kwa mguu mmoja akainamisha kichwa upande, kama mtu anayefikiria jibu. Nikampa tonge la ugali. Akalichukua.

Baada ya hapo sikungoja Alhamisi. Ilimradi cherehani ililia barazani, nilijua Shangazi yuko wapi na nilikuwa na uhuru wangu. Nilimletea yule mwenye kidole kilichopinda kumbikumbi kwenye kiberiti kitupu. Nilimsimulia habari za Kisumu, taa za barabarani, samaki wa kukaangwa kando ya ziwa, mama yangu na chumba cha kitanda kimoja. Nilimpa jina nililokuwa nimepewa mimi, Nyar Kisumu. Niliona ni haki yake. Kiumbe gani alelewe na soksi? Nani amlee mtoto bila kumwonyesha uso, halafu aite hiyo wema? Mimi nilikuwa ndiye mtu pekee mkweli katika boma lile, au ndivyo nilivyojiambia.

Miezi ilipita. Vifaranga wakawa ndege, manyoya yakajaa, taji fupi za rangi ya nyasi kavu zikachipuka vichwani. Shangazi alikuwa akiwatoa asubuhi hadi ukingoni mwa mafunjo, yeye mbele na soksi yake, wao nyuma, wakijifunza kukimbia na kupiga mabawa. Ndipo alipokuja mtu wa mradi, kwa pikipiki. Tulimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu.

"Leo naingia bila shuka," alituambia. "Wakikimbia, wako tayari. Asiyekimbia hatoki."

Aliingia na shati lake la mistari. Wawili walipiga kelele wakajibanza kwenye seng'enge. Wa tatu alisimama. Kisha akamwendea, hatua moja moja, akadonoa kifungo cha shati lake na kungoja apewe kitu.

Daktari hakucheka. "Huyu amezoea watu," alisema. "Nikimwachilia leo, kesho atatua kwenye boma la kwanza atakaloliona. Kesho kutwa yuko kwenye kikapu, au kwenye sufuria. Na nisipomwachilia ni kizimba, Mama, mpaka afe. Na ndege hawa hawafi haraka." Alimtazama Shangazi. "Nani amekuwa akiongea naye?"

Shangazi alifikiri kidogo, kisha macho yake yakaelekea ua wa michongoma. Daktari alimpa wiki tatu za kumrekebisha, akapanda pikipiki akaenda. Vumbi lake halijatulia, Shangazi alikuwa ameshafika kwa jirani. Kila kitu nilikisikia nikiwa nyuma ya mlango, nikitafuna muwa.

"Mimi?" Nyar Gem alipaza sauti ili njia nzima isikie. "Mimi niongee na ndege? Rosbela, hata bwana yangu siongei naye wiki mzima, nitaongea na ndege ninamwambia nini?"

"Wewe ndiye unashinda hapo kwa ua na mdomo wazi."

"Na wewe ndiye unavaa kama maiti! Usikanyage kwangu tena. Na chumvi utafute kwingine."

Nilimeza mate ya muwa. Ningeweza kutoka na kusema. Mimi niliyekuwa nimemshuku kila mtu, nikamwacha mwingine ashukiwe mahali pangu, na ajabu ni kwamba sikuona aibu mara moja. Niliona ahueni kwanza. Aibu ilikuja baadaye, niliposikia Shangazi akihangaika kuwasha moto kwa kiberiti chenye unyevu badala ya kwenda kuomba kaa la moto ng'ambo.

Haikuchukua wiki. Nilirudi kutoka shule, nikasahau, nikaita kutoka njiani kama mtoto yeyote: "Shangazi, nimerudi!" Nyuma ya mikeka ndege akalia. Akakimbia, nikasikia miguu yake, na kichwa chenye taji kikachomoza kwenye tundu langu kikinitafuta. Cherehani ikanyamaza. Shangazi alizunguka nyumba, akatazama tundu, akatazama makombo ya ugali yaliyokaukia kwenye mkeka, akanitazama mimi.

Nilingoja kiboko. Badala yake alikaa kwenye kizingiti cha jiko kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Nyar Gem nimemtukana bure," alisema. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Kisha: "Nenda ukamwambie. Sasa hivi."

Nilikwenda nikiburuta miguu. Nyar Gem alinisikiliza akichambua mboga, akaweka ungo chini, akapiga kofi moja kubwa na kucheka mpaka machozi. "Yawa! Kumbe jajuok ni wewe!" Alinipa kaa la moto kwenye kigae nilipeleke nyumbani. Sijawahi kusamehewa haraka namna ile tena.

Shangazi hakucheka. "Kesho utaingia mle ndani," aliniambia. "Uso wazi, na mdomo wako huohuo. Wewe ndiye unamjua, wewe ndiye utamfukuza."

Nilipewa kifuniko cha sufuria na mwiko. Siku ya kwanza Nyar Kisumu alikuja mbio, akapekua viganja vyangu akitafuta ugali. Nikagonga kifuniko, lakini kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Akaruka juu, akafungua mabawa, akainama, akaruka tena. Makorongo hucheza namna hiyo wanapofurahi. Alidhani namchezea ngoma. Nikaangusha kifuniko, nikalia. Shangazi, aliyekuwa kwenye kona ndani ya shuka lake, alikuja, akakiokota, akakirudisha mkononi mwangu. Mle ndani hakuweza kusema lolote.

Siku ya nne nilimtupia bonge la udongo likampata bawani. Alisimama akanitazama. Sijui ndege hufikiri nini, na siwaamini wanaodai wanajua, lakini hakucheza tena. Nilipiga kelele, nikatukana kwa matusi yote niliyojifunza Kisumu, nikamkimbiza kutoka kona hadi kona, na kila siku alikimbia mapema zaidi. Siku zote alikimbilia mahali pamoja, chini ya shuka la kijivu, akasukuma kichwa chake kwenye ile shingo ya soksi. Hapo niliona shuka likitikisika. Nilidhani Shangazi ananicheka. Nilidhani anafurahi kwamba mwishowe ndege wote watatu ni wake. Nilimchukia, nikagonga kwa nguvu zaidi, na pengine chuki ile ndiyo iliyofanya kazi. Wiki ya tatu, nikikohoa tu upande wa pili wa mkeka, Nyar Kisumu alikimbia. Siku hiyo nilikataa kula, na asubuhi yake Shangazi akaniwekea yai kwenye sahani yangu. Nilikuwa nimelitamani miezi yote. Lilikuwa na ladha ya yai tu.

Waliachiliwa asubuhi ya Jumamosi, kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa kando ya kinamasi, ambako kundi la makorongo wa porini lilikuwa likiokota punje. Daktari alinilaza kwenye nyasi ili ndege wasinione. Nyar Gem alikuja bila kualikwa, akasimama mbali amekunja mikono, kuhakikisha kwa macho yake kwamba hakuna gari lililokuja. Shangazi alitangulia na soksi yake, ndege watatu nyuma yake kwa mstari, mpaka akawa karibu na wale wa porini kuliko sisi. Hapo Daktari akanigusa bega. Huo ulikuwa mtihani wa mwisho.

Nikainuka wima, nikaita kwa sauti ile niliyomsimulia nayo habari za taa na samaki: "Nyar Kisumu!"

Aligeuza kichwa. Alinitazama kwa muda ambao bado naupima hadi leo. Kisha akafungua mabawa, na wenzake wakafungua yao, wakakimbia hatua chache wakapaa juu ya kichwa cha Shangazi. Yeye akaishusha soksi haraka, akaificha chini ya shuka, akajikunyata kwenye matope ili wasimwone wakarudi. Walizunguka mara mbili. Wakatua katikati ya kundi, na baada ya kitambo sikuweza tena kujua yupi ni yupi.

"Wameenda kweli," alisema Nyar Gem, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa hoja. Kisha akapaza: "Rosbela! Hata asante hawajakuambia!"

Shangazi hakujibu. Ndege walikuwa bado karibu na wangemsikia. Alibaki amejikunyata kwenye matope, jua likipanda, kofia kichwani.

Sijui kama Nyar Kisumu aliishi. Miradi hupenda kuhesabu wanaoondoka kuliko wanaodumu, na hilo nalishuku kama ninavyoshuku mengine. Sijui pia kama alinikimbia kwa woga au kwa kukumbuka. Nilichokuja kuelewa baada ya miaka ni kitu kidogo zaidi. Mimi niliwataka ndege wale wanijue, nikaita hiyo ukweli, na ukweli wangu ulikaribia kumfungia mmoja kizimbani maisha yake yote. Shangazi aliwalisha kwa mkono wake miezi yote ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona uso wake. Nilipokuwa nikimkimbiza Nyar Kisumu, Shangazi alikuwa akiona mtoto akimwumiza mtoto, na hakuruhusiwa hata kutoa sauti ya kuwabembeleza. Mle ndani ya shuka hakuwa akicheka.

Kundi lilipohamia upande wa pili wa mafunjo, alivua kofia. Nilimkimbilia. Macho yake yalikuwa mekundu na yamevimba.

"Shangazi, umelia?"

"Ni jasho," alisema, akajifuta kwa ile soksi.

Sikumwamini. Kati ya yote niliyoyashuku utotoni, hilo ndilo pekee nililolipatia.